Ratiba ya darubini ya redio: anza na kalibreta, shabaha ifuate

Kila msimu wa kuomba muda wa darubini unapokaribia, huwa naletewa ratiba za uchunguzi nizipitie kabla hazijatumwa. Wengi wanaoniletea ni vijana waliopitia mafunzo ya astronomia ya redio kama yale ya mradi wa DARA. Fizikia wanaijua na kompyuta hawaiogopi. Lakini ratiba zao zinafanana: kitu wanachotaka kukichunguza kimekaa katikati, kimepewa saa zote nzuri, na kalibreta, yaani vyanzo vya kupimia, zimebanwa mwanzoni na mwishoni, popote palipobaki upenyo. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote hapa chini ni matawi yake. Ukifungua programu ya ratiba, weka kalibreta kwanza, ndipo uitafutie shabaha nafasi.

Dishi la redio peke yake halijui kupima. Linachotoa ni namba zinazopanda na kushuka kwa joto la kipokezi, kwa mvuke ulio hewani, kwa urefu wa kebo, kwa kila kilichopo kati ya anga na diski ya kompyuta. Ni mizani ya sokoni isiyo na mawe: sindano inacheza, lakini huwezi kumwambia mteja ni kilo ngapi. Kalibreta ndiyo jiwe. Ni chanzo cha angani, mara nyingi kwasa (kiini cha galaksi kinachong'aa sana) au galaksi ya mbali, ambacho mahali pake panajulikana, nguvu yake inajulikana, na darubini hukiona kama nukta. Kwa kawaida unahitaji moja kuu, ya kupimia nguvu na kuona jinsi kipokezi kinavyoitikia kila masafa ndani ya bendi. Nyingine iliyo jirani na shabaha yako, ya kurudiwa mara kwa mara ili kufuatilia fazi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia, inavyotangatanga. Na kama unachunguza nguvu za sumaku za angani, ya tatu ya polarisheni, yaani mwelekeo ambao mawimbi hutikisikia.

Kuna mwanafunzi aliyenijia amechangamka. "Mwalimu, programu imekubali. Hakuna hata alama moja nyekundu."

"Imekubali nini?"

"Ratiba yote."

Tukaifungua pamoja. Alikuwa ameomba data ya polarisheni, na katika ratiba nzima hapakuwa na kalibreta hata moja ya polarisheni. Programu haikumlaumu, kwa kuwa hiyo si kazi yake. Inachokagua ni kama kila chanzo kiko juu ya kikomo cha darubini kwa saa uliyoandika, kama muda umejumlishwa sawasawa, kama kipokezi ulichochagua kipo. Kama data itakayotoka itajibu swali lako, hilo hailijui. Nimeona programu kadhaa za aina hii, za Afrika Kusini na za Marekani, na zote ni hivyo: karani hodari, lakini bado ni karani.

Tuchukue MeerKAT, maana ndiyo darubini kubwa iliyo karibu nasi na wengi wetu huanzia huko. Madishi 64, kila moja lenye kipenyo cha mita 13.5, yamesimama Karoo, Afrika Kusini, nyuzi 30.7 hivi kusini mwa ikweta, na hayafuatilii chochote kilicho chini ya nyuzi 15 juu ya upeo wa macho. Kalibreta kuu mbili zinazotumika sana huko ni J1939-6342 na J0408-6545. Zote mbili ziko kusini sana, kiasi kwamba ukiwa Karoo hazitui kabisa. Lakini J1939 hushuka hadi nyuzi 4 hivi, kwa hiyo kuna saa ambazo ipo angani na huwezi kuitumia. Mtu yeyote mwenye Python na maktaba ya astropy anaweza kupiga hesabu hii kwa mistari michache: J1939 iko juu ya nyuzi 15 tangu saa ya nyota (nitaieleza hapo chini) 11:35 hivi hadi 03:45, na J0408 tangu 19:45 hadi 12:30. Ukiziunganisha, hakuna dakika inayokosa angalau moja. Ndiyo maana watu wa MeerKAT huzichukulia kama maji ya bomba, na ndiyo maana mtu huzoea kudhani kalibreta zote ziko hivyo.

Sasa geukia polarisheni. Kalibreta zenye mwelekeo wa polarisheni unaoaminika, na ambazo Karoo huzitumia zaidi, ni 3C286 na 3C138. Zote ziko kaskazini mwa ikweta. 3C286 hupanda hadi nyuzi 29 tu kule Karoo, na huwa juu ya kikomo kwa saa 6 hivi: kuanzia saa ya nyota 10:30 hadi 16:30. 3C138 unaipata tangu 01:20 hadi 09:25. Chora mistari hiyo miwili kwenye karatasi, yaani hata kwa kalamu ya risasi, na utaona pengo kati ya 16:30 na 01:20. Karibu saa 9 nzima hakuna hata moja.

Na nani anapita katikati ya pengo hilo? Kitovu cha Njia ya Maziwa, ambacho hufika kileleni saa ya nyota 17:45, karibu kabisa na utosi wa Karoo, yaani juu kabisa ya kichwa. Ni shabaha ambayo kila mtu anaipenda, na sumaku zake ndizo zinazowavuta wengi. Ukianza na shabaha, utaweka ratiba ianze saa ya nyota 17:00 ili ukipate kitovu kikiwa juu, programu itakubali bila kelele, na polarisheni yako itakuwa haina jiwe la kupimia. Ukianza na kalibreta, utaona mara moja kwamba lazima kazi ianze saa 15:00 hivi: J1939 kwanza, kisha 3C286 angalau mara mbili kabla haijafika 16:30, halafu ndipo uelekee kwenye kitovu, ambacho muda huo tayari kiko juu sana na kitabaki juu ya kikomo hadi karibu 23:40. Hupotezi chochote. Unasogeza mwanzo tu.

Kwa ambao saa ya nyota bado inawasumbua: ni saa inayofuata nyota badala ya Jua. Dunia hujizungusha mara moja, kwa kulinganishwa na nyota, kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo kila chanzo hutangulia dakika 4 hivi kila siku, na kwa mwezi zimekuwa saa 2. Programu huiandika LST. Usiku wa kuamkia Juni 21, saa 00:00 ya UTC (saa ya kimataifa), saa ya nyota MeerKAT ni karibu 19:20, yaani J1939 inakaribia kilele chake. Mwezi mmoja baadaye, saa ile ile ya ukutani, saa ya nyota imefika karibu 21:20. Ratiba yenyewe iandike kwa saa ya nyota, UTC iache kwa ajili ya kumbukumbu, na saa za ukutani zitumie kwa kuamshana tu. Hapo pa kuamshana sisi tuna balaa letu wenyewe. Saa 00:00 ya UTC ni 02:00 Karoo na 03:00 Nairobi au Dar es Salaam, ambayo sisi tunaiita saa tisa usiku. Mkiandikiana "saa tisa" kwenye kundi la WhatsApp lenye Mkenya, Mtanzania na mwenyeji wa Cape Town anayejifunza Kiswahili, kuna atakayeingia kazini saa 09:00 na chai yake mkononi. Andikeni 03:00 EAT, basi.

Swali linalofuata huwa ni dakika ngapi kwa kila kalibreta. Kwa fazi, kwenye masafa ya karibu 1.4 GHz, mimi huweka dakika mbili kwenye kalibreta ya jirani kila baada ya robo saa au dakika 20, na sijaona sababu ya kubishana sana hapo. Ukipanda kwenye masafa ya juu mambo hubadilika. Kwenye VLA, darubini ya madishi mengi iliyo kule Marekani, madishi yakiwa yametawanywa mbali kabisa na wewe uko kwenye bendi ya 45 GHz, mzunguko huo unaweza kushuka hadi dakika 2 hivi, yaani muda wa kalibreta na wa kusogea unakula sehemu kubwa ya usiku.

Kwa kalibreta kuu kuna hesabu ambayo watu huiruka, na ukichunguza mistari ya spektra, yaani masafa maalumu ambayo gesi hutoa au hufyonza mawimbi, usiiruke. Kelele iliyo kwenye kalibreta huhamia kwenye data yako yote. Gawa nguvu ya shabaha kwa nguvu ya kalibreta, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa muda utakaoutumia kwenye shabaha. Hicho ndicho kima cha chini. J1939 ina karibu Jansky 15 (Jansky ni kipimo cha nguvu ya chanzo cha redio) kwenye 1.4 GHz. Kama shabaha yako ina Jansky 1 na unaitazama kwa saa 6, kima cha chini ni dakika 1.6, na dakika 10 za kawaida zinatosha na kubaki. Lakini kama unatafuta ufyonzaji wa haidrojeni mbele ya chanzo chenye Jansky 5, kima cha chini kinaruka hadi dakika 40. Na kwenye kima hicho kelele za kalibreta na za shabaha ziko sawa kwa sawa. Ukitaka ya kalibreta iwe ndogo kweli, zidisha mara nne. Hapo ndipo unapogundua kwamba ombi la saa 6 lilipaswa kuwa la saa karibu 9. Ni afadhali uligundue kabla ya kutuma ombi, kwa sababu kamati ikishakupa saa 6, hizo ndizo ulizo nazo.

Haidrojeni ina mtego mwingine. Mstari wake wa 1420.4 MHz uko kila mahali kwenye galaksi yetu, na mwanga wa kalibreta nao hupita humo humo. 3C138 inajulikana kwa kuonyesha ufyonzaji wa haidrojeni ya Njia ya Maziwa, na kuna watu walioitumia makusudi kuchunguza gesi hiyo. Ukiichukua kuwa kalibreta ya bendi huku ukitafuta gesi ya galaksi yetu, lile shimo lililo kwenye kalibreta litageuka kilima kwenye shabaha, na utaandika makala kuhusu gesi isiyokuwepo. Kama shabaha yako ni galaksi ya mbali, ambayo haidrojeni yake imesogea kwenye masafa mengine, hilo halikuhusu.

3C138 hiyo hiyo ina mambo mengine mawili. Nguvu yake imekuwa ikibadilika, hasa kwenye masafa ya juu, kwa hiyo usiifanye kipimo chako cha nguvu bila kusoma taarifa za karibuni za watu wa darubini. Na kila mwaka, karibu Juni 11, Jua hupita nyuzi 6 na nusu tu kutoka nayo. Kwenye masafa ya chini Jua litaingia kwenye data yako hata kama hukuliangalia moja kwa moja. 3C286 haina tatizo hilo, iko mbali na njia ya Jua mwaka mzima.

VLA imenifundisha mambo ambayo MeerKAT huyaficha kwa wepesi wake. Madishi ya VLA yana kipenyo cha mita 25 na huzunguka kwa nyuzi 40 kwa dakika upande kwa upande, na nyuzi 20 kwa dakika kupanda na kushuka. Programu yake ya kuandaa uchunguzi hukupa namna mbili za kuandika muda wa skani, yaani kipande kimoja cha ratiba kwenye chanzo kimoja: muda wote pamoja na wa kusogea, au muda wa kukaa juu ya chanzo. Wengi hubaki na ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayofanya jumla itoke nzuri. Tazama kinachotokea. Umeandika skani ya dakika moja na nusu kwa kalibreta iliyo nyuzi 15 chini ya shabaha. Kushuka tu kunakula sekunde 45, dishi linatulia kwa sekunde kadhaa, na unabaki na chini ya nusu ya ulichodhani unacho. Fungua ripoti, tafuta safu inayoonyesha muda halisi juu ya chanzo, na usome hiyo peke yake.

Halafu kuna kebo. Dishi la VLA lina uhuru wa nyuzi 530 za kuzunguka kabla kebo hazijafika mwisho, kwa hiyo sehemu moja ya anga inaweza kufikiwa kwa njia mbili, na wewe hujui mtu aliyekutangulia ameliacha dishi upande gani. Likilazimika kujifungua mzunguko mzima, hizo ni dakika 9. Kwa hiyo skani ya kwanza ipe dakika 10 na zaidi, kwenye chanzo ambacho ukikikosa hulii. Kuweka kalibreta kuu pekee hapo mwanzoni, tena fupi, ni kucheza bahati nasibu.

Na kuna utosi. Madishi haya hayapendi chanzo kinachopita juu kabisa ya kichwa, kwa sababu kufumba na kufumbua dishi linatakiwa ligeuke nyuzi 180, na kwa mwendo wa VLA hizo ni dakika 4 na nusu. Sasa, 3C48, mojawapo ya kalibreta za nguvu zinazotumika zaidi duniani, hupita chini ya nyuzi 1 kutoka utosi wa VLA, karibu saa ya nyota 01:38. Iko angani, inang'aa, programu inaiona iko juu ya kikomo cha chini, na ndiyo saa mbaya kuliko zote kuitumia. Iweke saa moja kabla au saa moja baada. Kitovu cha Njia ya Maziwa kina ugonjwa huo huo kule Karoo.

VLA pia haikupangii saa kamili ya kuanza. Unatoa kipindi cha saa za nyota, tuseme kati ya 22:00 na 00:30, na kazi yako huchukuliwa kwenye foleni hali ya hewa ikiruhusu. Watu huijaribu ratiba kwa saa moja ya katikati, ikikubali wanatuma. Ijaribu kwa kuanza mapema kabisa, kisha ijaribu kwa kuanza mwisho kabisa, na kila mara angalia 3C48 imeangukia wapi. Kama ncha moja haifai, punguza kipindi. Utasubiri zaidi kwenye foleni, ni kweli, lakini utakachopata kitatumika.

Kwa kalibreta ya jirani, orodha ya VLA huzipa herufi kwa kila mpangilio wa madishi: P ni nzuri, S ni ya kuridhisha, W itumie kwa tahadhari, X achana nayo. Nikiambiwa nichague kati ya P iliyo nyuzi 9 na S iliyo nyuzi 4, kwenye masafa ya juu nachukua ya nyuzi 4, mradi ina nguvu ya kutosha. Anga iliyo juu ya kalibreta inapaswa kuwa karibu ile ile iliyo juu ya shabaha, na herufi nzuri haiondoi umbali.

Kwa VLBI, yaani kuunganisha madishi yaliyo mbalimbali kabisa yafanye kazi kama darubini moja, nitasema kidogo tu. Huko utaandika faili ya maandishi kwa programu ya SCHED, au pySCHED ya watu wa JIVE, taasisi ya VLBI ya Ulaya, na mazoea ya 3C286 uyaache mlangoni: kwa umbali wa maelfu ya kilomita kati ya madishi si nukta tena, na nguvu hupimwa kwa njia ya joto la mfumo, yaani kiasi cha kelele ya darubini yenyewe. Unachotafuta ni vyanzo vyenye nguvu na vilivyobana, kama 4C39.25 au 3C345, tena kwa dakika ambazo vituo vyote vinaviona kwa pamoja. Ukiwa na dishi la Hartebeesthoek, Afrika Kusini, upande mmoja na Ulaya ya kaskazini upande wa pili, dakika hizo si nyingi, na ndizo za kuandika kwanza kabisa. Ghana walishageuza dishi lao la mita 32 pale Kuntunse kuwa darubini, likazinduliwa mwaka 2017, na la Longonot, Kenya, limo kwenye mipango ya mtandao huo huo wa VLBI wa Afrika. Likianza kazi, mpangaji wa hapo atakuwa na anga ya kuonewa wivu: 3C286 itapanda hadi nyuzi 58, J1939 hadi 27, kaskazini na kusini zote mezani. Ila hatakuwa na kalibreta isiyotua. Kwenye ikweta kila kitu hutua.

Kuna jaribio ninalowapa wote wanaoniletea ratiba. Nakili faili, kwenye nakala futa kila skani ya shabaha, kisha soma kilichobaki kama vile ni uchunguzi wa mtu mwingine. Nguvu imepimwa mara ngapi, na ya mwisho iko umbali gani na ya kwanza? Polarisheni ipo, na ipo ndani ya saa zake? Kalibreta moja ikianguka kwa sababu ya upepo au dishi kukwama, kuna nyingine ya kuibeba? Ukijibu maswali hayo, rudi kwenye faili ya asili, na kwenye sehemu ya maelezo kwa waendeshaji andika kwa sentensi mbili kalibreta ipi isiguswe kamwe na ipi wanaweza kuikata muda ukibana. Wasipoambiwa, watakata ile iliyo mwisho wa ratiba.